Kuzima Pia ni Kazi

Mwezi uliopita nilirudisha spana za karakana, nikatia sahihi kwamba hakuna hata moja iliyopotea, jambo ambalo si kweli, nikaambiwa kuanzia hapo mimi ni mstaafu. Nyinyi vijana mkanishika mkono mkasema, "Mzee Okelo, tuandikie kitu." Haya, nimeandika. Anayetaka habari za vyeo na mishahara afunge hapa arudi kazini. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya mabomba, supu, na mama mmoja wa Magwagwa niliyemkosea mbele ya watu.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwani, kama mnavyojua, kwa sababu hamjaacha kunitania kuhusu samaki. Nilipomwambia mama yangu nimepata kazi ya mitambo ya baridi Kisii, aliacha kuchambua mboga akaniangalia. "Unaenda kuwauzia baridi watu wa milimani? Si wanayo yao ya kutosha?" Nilipanda mlima na cheti changu chenye muhuri, sweta moja, na Ekegusii cha salamu tu. Kiswahili ndicho kilichonilisha miaka yote hiyo.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vimeng'arishwa. Mzee Onsongo, mwenye karakana wakati huo, alivitazama viatu kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ni wa benki?"

"Hapana, mzee. Ni fundi."

"Fundi bado," akasema. "Vua hiyo saa, funga macho, lete mkono."

Akaniwekea vidole juu ya mabomba ya friji moja kuukuu, bomba baada ya bomba, akiniuliza lipi lina mvuke mtupu na lipi lina majimaji. Sikujua. Nilikuwa na cheti chenye muhuri na sikujua! Wiki nzima kazi yangu ikawa hiyo, kushika mabomba nimefumba macho kama mtu anayeombewa, wateja wakipita wananicheka. Mzee alikuwa na neno lake moja: geji itakuambia mgandamizo, lakini kidole kitakuambia ukweli. Kufikia Ijumaa nilianza kuhisi tofauti. Bomba lenye majimaji linauma kidole, lenye mvuke linakigusa tu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mnalipita haraka. Ile tunayoiita gesi, inapoingia kwenye koili ya ndani ya chumba cha baridi, si gesi peke yake. Ni mchanganyiko wa majimaji na mvuke. Majimaji ndiyo yanayofanya kazi, kwa sababu yanachemka ndani ya bomba na kunyonya joto la chumba. Mvuke umeshamaliza kazi yake, ni mgeni aliyekwisha kula anayesubiri kuaga. Koili kubwa ina mabomba mengi membamba yaliyopangwa sambamba, na yote yanalishwa na bomba moja nene, lile tunaloliita heda. Heda ndiye mpakuaji. Akipakua vibaya, wengine watavimbiwa na wengine watalala njaa, na wewe fundi utalaumu kompresa ya watu bure.

Mimi heda niliielewa Keumbu, kwenye kabati la baridi la bucha moja karibu na stendi. Nusu ya koili ilikuwa nyeupe kwa barafu, nusu nyingine kavu kama kiganja. Nilikuwa nimeongeza gesi mara mbili, maana fundi mchanga asipojua ugonjwa huongeza gesi. Mzee Onsongo alikuja, akatazama, hata mkoba wa vifaa hakuufungua. Akanishika mkono akanipeleka kibanda cha jirani, kwa mama aliyekuwa akiuza supu.

"Mama, leo usikoroge," akamwambia. "Huyu mpe ya juu. Mimi nipe ya chini."

Mama akacheka, akapakua. Bakuli langu lilikuwa maji ya moto yenye jani moja la dania. La mzee lilijaa nyama hadi kijiko kikasimama.

"Sufuria ni moja," mzee akasema, "supu ni moja, mwiko ni mmoja. Mbona wewe umepata maji?"

"Kwa sababu hakukoroga, mzee."

"Basi hiyo ndiyo heda. Gesi ikienda kasi inajikoroga yenyewe, kila bomba linapata nyama na mchuzi. Ikienda polepole, majimaji yanalala chini, mvuke unakaa juu, na kila bomba linapata kulingana na mahali lilipokaa, si kulingana na njaa yake."

Nikasema nimeelewa. Nikasubiri anigawie nyama kidogo. Akamaliza bakuli lake lote, akafuta mdomo, tukarudi kazini. Lile somo sikulisahau kamwe, labda kwa sababu ya njaa ile.

Miaka ikaenda. Nilizunguka na mkoba wangu kutoka Kenyenya hadi mpakani mwa Nyamira, madukani, hotelini, kwenye zahanati. Kuna zahanati moja upande wa Kenyenya ambako niliitunza friji ya chanjo miaka mingi, na nasema bila aibu kwamba chini ya mkono wangu hakuna chupa hata moja iliyoharibika. Watoto waliochanjwa pale leo wana ndevu. Nikiwaona sokoni hawanijui, na mimi najivuna kimyakimya. Mkobani nilikuwa na vitu vitatu ambavyo hamtavikuta dukani pamoja: kioo kidogo cha kinyozi cha kuchungulia nyuma ya koili, kipimajoto cha zebaki, na keke ndogo ya mkono pamoja na misumari yake ya kutobolea, myembamba kama sindano. Ile keke alinipa Mzee Onsongo siku alipoacha kazi akarudi kwenye shamba lake la chai. "Ipo siku utaihitaji kwa heda," alisema. Nilidhani ni maneno ya kuagana tu.

Siku yenyewe ilifika miaka michache iliyopita, kule Magwagwa.

Wakulima wa parachichi walikuwa wamejiunga kikundi, wakapata mtambo wa kisasa wa chumba cha baridi. Na ulikuwa wa kisasa kweli, si mchezo. Kompresa yake inajipunguzia mwendo yenyewe kazi ikipungua, na kuongeza kazi ikizidi. Shida ni kwamba chumba kilikuwa ghala la zamani la ndizi, dari yake fupi. Koili ilikuwa ndefu, haikuingia ikiwa imelala. Waliofunga, ambao si sisi, na ambao sikuwahi kuonana nao ana kwa ana kwa bahati yao, wakaigeuza wakaisimamisha wima. Heda iliyokusudiwa kulala ikasimama kama nguzo. Niliiona siku ya kwanza, nikasema moyoni, haya, mradi inapoza.

Aliyeajiriwa kuutunza mtambo huo ni Kwamboka. Sote tulimwita Mama Brian. Mjane, mkulima mdogo, Msabato wa kuzaliwa, na mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu. Kila asubuhi na kila jioni aliandika kwenye daftari joto la chumba na namba ya kile kihesabu kinachojumlisha saa ambazo mtambo umefanya kazi. Hakuna aliyemwambia aandike kihesabu. Alikiona kinazunguka akasema kitu kinachohesabu lazima kiandikwe. Ijumaa kabla ya jua kutua alifunga mlango akaenda zake, na Sabato yote chumba kilibaki chenyewe. Nusu ya wanakikundi walikuwa Wasabato na nusu Wakatoliki kama mimi, lakini walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi hakuna kuchuma, hakuna kupokea, hakuna kufungua. Funguo zilikuwa mbili tu, yake na ya mwenyekiti.

Jumapili moja ya msimu wa mvua alifungua mlango akakuta chumba kina joto. Parachichi zilizoingia Ijumaa zilikuwa zimeanza kulainika, na lori la mnunuzi lilikuwa njiani. Mtambo unanguruma vizuri. Sakafu imejaa maji. Lori lilirudi tupu.

Niliitwa Jumatatu. Mwenyekiti, mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata ndani ya nyumba, alinipokea mlangoni.

"Fundi, mashine ni mzima ama ni mgonjwa?"

Nilipima. Mgandamizo sawa, gesi sawa, feni sawa. Kioo cha kumbukumbu za hitilafu kilikuwa kimeunguzwa na radi muda mrefu, na mnazijua radi za huku. Nikaomba daftari. Kwa mwandiko ule mzuri, kihesabu cha Ijumaa jioni kilikuwa kimeandikwa, na cha Jumapili asubuhi kimeandikwa. Nikatoa. Kati ya hapo kulipungua saa tisa nzima. Saa tisa mtambo haukufanya kazi, halafu ukafanya tena.

Na umeme? Jirani mwenye kinyozi akasema Jumamosi umeme haukupotea hata dakika moja.

Nikatazama maji sakafuni, nikaona nimemaliza kesi. Maji yale ni barafu iliyoyeyuka. Barafu inayeyuka mtambo ukizimwa. Mtambo hauwezi kujizima na kujiwasha kama mtoto anayechezea swichi. Mwenye ufunguo ni Msabato, siku ni Sabato. Wajinga ndio waliwao, na siku hiyo mjinga alikuwa mimi, lakini nilijiona nina akili za kumwaga.

Kamati ikakaa palepale ghalani, watu wamesimama mpaka nje. Mwenyekiti akauliza mbele ya wote, "Fundi, sisi hatutaki hesabu nyingi. Hii mashine iliharibika ama ilizimwa?"

"Ilizimwa," nikasema.

Kwa neno moja. Nikaliandika pia kwenye ripoti: *mtambo mzima, ulizimwa na mhudumu.* Mkono wangu, sahihi yangu.

Kwamboka alikuwa amesimama kando ya makreti. Hakulia. "Yaya," akasema, hapana ya Kikwao, akairudia. "Yaya. Mimi sikuzima. Na Sabato siwezi kuzima. Kuzima pia ni kazi."

Watu wakacheka. Nasema kwa aibu, hata mimi nilitabasamu. Tuliona ni ujanja wa maneno. Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na kamati ikasema wiki nne baadaye mkutano mkuu utaamua kama atafukuzwa kabisa.

Mtadhani hapo ndipo palipomuuma zaidi. Hapana. Jumamosi iliyofuata, kanisani kwake, baadhi ya watu walimpongeza. Walimshika mkono wakamwambia amefanya vyema, amepumzisha hata mashine siku ya Bwana. Habari hizo alinipa yeye mwenyewe nilipomkuta sokoni Magwagwa akiuza ndizi, na nikathubutu kumsalimu.

"Bwakire, Mama Brian."

Hakuitikia salamu. "Fundi, wewe umenifanya mharibifu kwa nusu ya watu na mtakatifu kwa nusu ingine, na mimi si yeyote kati ya hao. Anayenitukana nitamvumilia. Sasa huyu ananisifu kwa uwongo nitamjibu nini? Nikikubali, nimedanganya. Nikikataa, wanasema ni unyenyekevu."

Nikauliza bei ya ndizi.

"Siuzi kwako," akasema. Halafu, nikiwa nimeshageuka, "Fundi. Ile daftari, ulisoma yote?"

Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na mtu wa daftari akaniuliza swali ambalo Mzee Onsongo angenichapa nalo kichwani. Nikatoka sokoni moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti, nikaliomba daftari, nikakaa juu ya kreti nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza.

Kila Sabato saa zilipungua. Kila Sabato! Miezi ya ukame zilipungua kidogo, saa moja, saa mbili, na matunda hayakuona lolote. Mvua ilipoanza na hewa ikawa nzito kwa unyevu, zikawa nne, zikawa sita, hadi zile tisa. Siku nyingine za juma hakuna hata dakika iliyopotea. Nikawaza, basi mama huyu amekuwa akizima tangu mwanzo. Nikafungua ukurasa mwingine. Ilikuwa wiki ya makambi, ile mikutano yao ya kanisa ya juma zima. Kwamboka alikuwa makambini tangu Jumapili hadi Jumapili, kilomita nyingi kutoka pale, ameacha na ufunguo wake. Namba za wiki ile hazikuwa kwa mwandiko wake mzuri. Zilikuwa kwa mwandiko wa mwenyekiti mwenyewe, umelala kama majani yaliyopigwa na mvua ya mawe. Na Sabato ile saa tano zilipungua.

Nikampelekea daftari. Akaweka miwani, akasoma, akaitoa miwani.

"Kwani mimi ndiye nilizima?"

"Hapana, mwenyekiti. Wala wewe, wala yeye. Nipe ufunguo wa Jumamosi."

Akasita. Yeye ni mzee wa kanisa la Kisabato, na kutoa ufunguo wa kazi siku ya Sabato si jambo dogo. Akafikiri, kisha akasema, "Nitakupa leo Alhamisi. Ukiamua kukaa nao hadi Jumamosi, hiyo ni shauri yako na kanisa lako."

Jumamosi hiyo niliingia chumbani asubuhi na mapema, nimevaa masweta mawili na koti juu yake, kiti cha plastiki mkononi. Nikafunga mlango, nikakaa. Mama yangu alikuwa na haki ya kucheka. Hapakuwa na mtu wa kufungua mlango, hapakuwa na tunda jipya lenye joto la shambani. Kazi ikapungua, na kompresa, kwa akili zake za kisasa, ikaanza kujipunguzia mwendo. Ngurumo ikashuka ikawa mnong'ono. Nikavua glavu, nikafumba macho, nikaweka vidole juu ya mabomba, moja baada ya jingine, kutoka juu kushuka chini, kama siku yangu ya kwanza.

La juu kabisa halikuuma. La pili halikuuma. La tatu, la nne, mvuke mtupu. Nilipofika ya chini kidole karibu kinate. Nikafumbua macho. Chini koili ilikuwa inaota barafu nikiangalia, na juu kavu. Mwendo umekuwa mdogo, gesi haijikorogi tena, na ndani ya ile heda iliyosimamishwa wima majimaji yote yamelala chini. Supu ya Keumbu! Nilisema kwa sauti, peke yangu, ndani ya chumba cha parachichi, "Mzee, hakukoroga!"

Kilichobaki kilijieleza chenyewe. Sensa inayouambia mtambo uyeyushe barafu ilikuwa imefungwa juu, kwenye mabomba makavu, kwa hiyo kila mara iliripoti hakuna barafu. Chini barafu ikanenepa hadi ikaziba njia yote ya hewa. Mgandamizo ukashuka, na mtambo ukajisimamisha wenyewe kujilinda, kama ulivyotengenezwa. Barafu ikayeyuka taratibu, maji yakaenda sakafuni, mgandamizo ukapanda, mtambo ukajiwasha tena. Ukija Jumapili, unakuta mashine nzima inanguruma, maji sakafuni, na mama mwenye ufunguo. Niliyashuhudia yote kwa macho yangu, mchana kutwa, meno yakigongana. Mtambo ulipojisimamisha mbele yangu na hakuna mkono ulioigusa swichi, sikufurahi kwanza. Niliona aibu, kisha nikafurahi.

Ugonjwa ule hauwezi kutokea mahali ambapo mlango unafunguliwa siku saba. Ulihitaji watu wanaopumzika kwelikweli, wote kwa pamoja, hata mwizi wa parachichi akapumzika. Ulihitaji mtu ambaye siku ya Sabato hapiti hata mlangoni kuchungulia.

Jumapili niliikata heda. Nilichukua bomba jembamba la shaba, nikaitoa ile keke ya Mzee Onsongo, nikatoboa matundu kwa mstari, moja kwa kila bomba la koili, nikaliingiza ndani ya heda nikaziba kwa kuchomelea. Wazo ni rahisi: ukiilazimisha gesi ipite kwenye uwazi mwembamba, itaenda kasi hata kompresa ikilegea, na ikienda kasi inajikoroga. Nikaihamisha na sensa, nikaifunga chini. Sabato iliyofuata nikarudi na kiti changu. Ilikuwa nafuu, lakini mabomba mawili ya juu bado yana njaa, kwa sababu nilitoboa matundu yote sawa. Usawa si kuwapimia wote kijiko kimoja wakati mmoja amekaa mbali na sufuria. Nikalitoa bomba, nikatengeneza jingine, matundu ya chini madogo, yakipanuka kidogo kidogo kwenda juu. Msumari mmoja ulinivunjikia, na nikatamka neno ambalo sitaliandika hapa.

Sabato ya tatu nilikaa tangu asubuhi. Mtambo ukashuka mwendo, ukanong'ona. Nikashika la juu, likauma. La katikati, likauma. La chini, likauma vilevile. Ukungu mweupe, mwembamba, sawasawa kutoka juu hadi chini kama shuka iliyotandikwa na mama mkwe. Kihesabu hakikupoteza dakika. Vijana, nimefunga mitambo mingi, mingine mikubwa kuliko nyumba zenu, lakini hakuna kazi ninayojivunia kama lile bomba la matundu ambalo hakuna anayeliona, maana limo ndani ya bomba lingine.

Mkutano mkuu ulikuwa siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya heda, na mchoro. Nikasimama, nikawaona wale wote waliocheka, nikamwona Kwamboka nyuma kabisa amejifunga leso yake begani, nikaukunja mchoro.

"Wiki nne zilizopita mliniuliza kama mashine iliharibika ama ilizimwa. Nikasema ilizimwa. Nilikosea. Iliharibika, na mimi ndiye niliyeshindwa kuona. Huyu mama alisema ukweli mbele yenu, na mimi nilitabasamu. Nisameheni. Lakini kwanza yeye."

Mzee mmoja Mkatoliki nyuma akauliza kama fundi wa baridi anaweza kukosea hivyo, kuna haja gani ya fundi, na watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa juu yangu, nikakipokea. Mwenyekiti akanionyesha daftari. "Sema pia kurasa zangu," akaninong'oneza. Nikazisema. Alibaki ameinamisha kichwa, lakini alitaka zisemwe, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Kwamboka alirudishiwa ufunguo palepale. Hakunishukuru. Alikuja mbele, akaitoa ripoti yangu kwenye faili, akaiweka mezani pamoja na kalamu yake.

"Maneno ya mdomo yataisha wakienda nyumbani," akasema. "Hii karatasi itabaki. Kata kwa mkono wako."

Nikakata *ulizimwa na mhudumu*. Nikaandika juu yake, *fundi alikosea*, nikatia sahihi tena. Akaisoma, akasahihisha tarehe niliyokuwa nimeikosea, akairudisha ndani ya faili.

Naomba mkumbuke hilo mkienda kwenye mitambo ya watu. Mtambo ukikusingizia, unaufungua na kuutengeneza. Mtu ukimsingizia, hakuna spana.

Nimalizie na safari yangu ya mwisho ya kazi, ambayo niliipanga makusudi iwe Magwagwa. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Kwamboka sasa ndiye msimamizi wa kituo chote, na chini yake wako vijana wawili wenye diploma wanaomwogopa ipasavyo. Nilipima, nikashika mabomba yote nimefumba macho, yote yakauma. Nikamkabidhi ile keke ya Mzee Onsongo na misumari iliyosalia. Akaigeuzageuza, akauliza ni ya nini.

"Ya heda," nikasema. "Ipo siku utaihitaji."

Tukatoka. Akafunga mlango, akasimama akatazama mlima wa ng'ambo. Tukiwa bado hapo, jua likazama nyuma ya mlima huo. Hapo ndipo nilipoiona taa ya nje juu ya mlango, inawaka.

"Mama Brian, taa umeisahau."

"Nimeiona."

"Si uzime?"

Akaniangalia, na mdomo ukamcheza.

"Fundi," akasema, "miaka yote hii, na bado hujaelewa?"

Nikanyoosha mkono wangu wa Kikatoliki, nikazima taa. Tulibaki gizani kidogo, tukisikiliza. Nyuma ya mlango mtambo ulishusha mwendo, ukanong'ona, ukaendelea.

"Jumapili wakiniuliza nani alizima," Kwamboka akasema, "nitawaambia ni wewe."